Jicho Moja la Fundi Zuhura

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha macho, pale zahanati yetu ya Kariakoo, nilipokelewa kwa makelele. Fundi rangi mmoja alikuja mbio kashika uso, chokaa imemrukia machoni. Karani wa mapokezi akaanza kumwuliza jina na mtaa anaokaa. Sista Mkuu, mwanamke mfupi wa Masasi mwenye sauti ya mnadani, akatufokea sote.

"Jina lake halitapotea! Jicho ndilo linapotea. Leteni maji!"

Tulimlaza, tukamfunua kope kwa vidole, tukammwagia maji safi mfululizo mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Chokaa, tindikali ya betri, dawa ya kulainisha nywele, vyote huendelea kuunguza konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, mpaka vioshwe. Anayeosha palepale kwa maji ya bomba ndiye anayemwokoa mgonjwa. Sisi tulimalizia tu. Ninyi wauguzi mnaoanza kazi leo, msilisahau hilo.

Lakini jicho lililochomwa na kitu chenye ncha ni habari nyingine. Halioshwi, halikandamizwi, na kilichonasa hakichomolewi. Sista Mkuu alinikariria kila asubuhi tukipanga vifaa: "Kilichomwagika, osha. Kilichochoma, acha mkono wako mbali."

Sasa, Kariakoo ina desturi yake. Mtu akiumia jicho, majirani humtafuta mama anayenyonyesha amtie jichoni matone ya maziwa yake. Kwa hiyo wagonjwa wetu walikuja kwa msafara: mwenye jicho, jirani wa kumwongoza, na mama na mtoto wake mgongoni. Tuliwatania sana, nao walitutania.

Hivyo ndivyo alivyoletwa Zuhura, fundi wa mabuibui. Sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikamrukia na kumchoma jicho la kulia. La kushoto lilikufa utotoni kwa surua. Alikuwa amezibana kope.

"Sista, sina lingine," aliniambia. "Ni hili hili."

Mama wa maziwa alikwishajiweka tayari. Nikamzuia.

"Haya ni maziwa ya mtoto, Sista, yana ubaya gani?"

"Kwa mtoto hayana ubaya, mama. Hapa jicho limetoboka, chochote tukitia kitaingia ndani."

"Mimi basi nifanye nini?"

"Mshike mikono asijikune."

Akampa jirani mtoto, akamshika Zuhura kwelikweli. Nilikata kitako cha kikombe cha karatasi, nikakiegemeza kwenye mifupa ya paji na shavu kisiguse jicho, nikakibandika kwa plasta. Nikawakataza wasimpe hata chai, maana huenda angepasuliwa. Sista Mkuu akapiga simu hospitali ya rufaa, kisha akaniambia, "Nenda naye." Tukapanda bajaji kwenda hospitalini huko, Upanga. Njia nzima alikuwa kanishika mkono, akiniuliza kama bado ni mchana.

Daktari wa Macho alimpasua siku hiyohiyo. Aliponiona nimebaki mlangoni alisema tu, "Mmemleta mapema, tutajaribu." Nilirudi Kariakoo na hofu yangu. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni habari zake.

Zikapita wiki. Asubuhi moja Zuhura akaingia zahanati peke yake, bila wa kumwongoza. Nilitaka kumkimbilia, akatuinulia kiganja.

"Msiseme kitu. Aliyenishika mkono sikumwona sura, namtafuta mwenyewe."

Akatushika mikono mmoja mmoja, Sista Mkuu, karani, hata mfagizi. Alipofika kwangu akatulia. Akainua uso, akanitazama, taratibu, kuanzia kilemba mpaka kidevu.

"Ni wewe," akasema. "Kumbe una mwanya!"

Wenzangu walicheka. Mimi nililia bila haya.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya upande wa Feri, penye soko la samaki, kwenye majeraha ya ndoana na mafuta ya kukaangia, na huko ndiko nilikostaafia. Nina nyumba, nina wajukuu, sina la kulalamikia. Ila naitamani kazi ile mpaka kifua kinauma. Nikipita Kariakoo na kusikia cherehani, miguu hutaka kugeukia zahanati. Nimetazamwa na wengi maishani, na marehemu mume wangu alinitazama kwa mapenzi. Hakuna aliyenitazama kama Zuhura asubuhi ile.