Tiara ya Nyasini na Thelujini

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kurusha tiara. Nilikuwa nimetoka Uyole alfajiri, nimevaa viatu vipya, nikapanda mpaka kwenye uwanda wa nyasi juu ya milima ya Uporoto, ambako baridi ya Juni huacha sakitu, umande ulioganda, nyeupe kwenye majani. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa inaanzisha mchezo ambao sikumjua mtu wa Mbeya aliyewahi kuuona: unasimama juu ya ubao wenye magurudumu, unafungwa mkanda kiunoni, na tiara kubwa ya kitambaa inakuvuta kwa nguvu ya upepo. Nilikuwa nimeongoza watalii milimani miaka mingi, na wanangu wote walikuwa na nyumba zao. Umri wangu ulikuwa ule ambao wenzangu wameshaacha kukimbia. Lakini moyo ulikuwa unaruka, na nilidhani mwili nao utaruka siku hiyohiyo.

Mkufunzi Mkuu alikuwa mwanamke wa nchi za kaskazini, ambako mchezo huu unachezwa kwenye theluji. Alisema Kiswahili cha polepole na kilichonyooka. Alinifunga mkanda, akanikabidhi usukani, yaani kile kifimbo kinachoshikwa kwa mikono miwili na kuungana na kamba za tiara. Kwenye usukani kulikuwa na kifyatuo chekundu. Ukikisukuma, tiara inapoteza nguvu na kuanguka chini. Asubuhi nzima nilikisukuma: nimefumba macho, nimelala kifudifudi, yeye akinivuta kwa kamba kama mbuzi asiyetaka soko. Mwishowe nikamuuliza tutaanza lini kujifunza.

"Umeshaanza, Mama Atu," alisema. "Kwanza kuachia, ndipo kushika."

Baada ya hapo akanipa tiara ndogo, bila ubao. Alinifundisha kuupa upepo mgongo na kuwaza kwamba saa kubwa ya ukutani imesimama mbele yangu. Tiara ikiwa juu kabisa, kwenye namba kumi na mbili, imetulia. Ikiwa pembeni, inavuta kwa adabu. Ukiishusha katikati ya uso wa saa, hapo ndipo penye nguvu zote, na anayeanza hapagusi ila kwa kuonja. Nilipoonja mara ya kwanza ilinivuta hatua moja, mara nikawa nakimbia, mara nikawa nacheka peke yangu katikati ya uwanda kama niliyerukwa na akili. Usiku ule mikono iliuma na sikutaka iache kuuma.

Nilipoiva kidogo, Meneja wa kampuni alinipeleka kwao Mkufunzi Mkuu nikapate cheti cha kufundisha. Huko ndiko nilikokanyaga theluji. Badala ya ubao wa magurudumu unavaa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kuteleza. Magurudumu yanapiga kelele, yanakuambia unakwenda kasi gani. Theluji haisemi kitu. Unapaa kimyakimya, na ukishtuka, mti uliokuwa mbali uko usoni. Kwa hiyo tulikagua uwanja kwa miguu kabla ya kurusha: mawe yaliyofunikwa, waya za ua, nguzo za umeme. Kwenye ziwa lililoganda hakuna aliyeingia kabla wenyeji hawajatoboa barafu na kupima unene wake. Na hakuna aliyecheza peke yake. Nilimtumia dada yangu wa Tukuyu picha, akaniuliza nani amemwaga chumvi yote ile.

Niliporudi nilipangiwa Iringa, kwenye vilima vya upande wa Kilolo, niwe mkufunzi wa kituo. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa Bwana Salumu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Kihesa, mtu wa mwili na wa vicheko. Naye nilimfyatulisha mpaka akanung'unika kwamba amelipia kuruka, si kubonyeza.

Mchana mmoja Meneja alifika na wageni kutoka Dar es Salaam. Upepo ulikuwa mzuri, kisha ukakata ghafla. Nyuma ya kilima niliona wingu jeusi limesimama kama ukuta, na ubaridi ukanipita shingoni. Nilipigapiga kofia yangu kwa kiganja, ishara yetu ya kila mtu ashushe tiara. Meneja akanijia.

"Mama, wageni wametoka mbali. Wape japo nusu saa."

"Wape chai, Meneja."

Bwana Salumu alikuwa mbali kuliko wote, na tiara yake ilikuwa bado hewani dhoruba ilipofika. Ilimnyanyua, ikamtupa, ikaanza kumburuta kuelekea kwenye misonobari. Nilikimbia nikiita, lakini upepo ulichukua sauti yangu. Mwanadamu hukimbia polepole sana siku kama ile. Kisha nikaona tiara imenywea, ikaanguka kama kanga iliyolowa, na Bwana Salumu amepiga magoti, miti ikiwa mbele yake karibu kabisa.

"Mama," alisema nilipomfikia, "mkono ulifyatua kabla sijawaza."

Nikakaa chini pale pale kando yake. Meneja alifika akihema. Alivua koti lake akamfunika. Tangu siku ile, hakuna aliyerusha tiara pale kabla sijasema ndiyo. Bwana Salumu alirudi wiki iliyofuata na mkewe, ambaye baada ya muda alimpita mumewe kwa mbali, naye mume akajivunia jambo hilo mjini kote.

Ninyi vijana mnaoniuliza kama niliogopa, niliogopa kila siku ya kazi, na nilifurahi kila siku ya kazi. Vitu hivyo viwili vilikaa nyumba moja bila kugombana.

Siku ya kuniaga nilipostaafu walipika pilau na kuandaa hotuba. Meneja alikuwa ameshasimama na kipaza sauti, mara nyasi za nje zikaanza kulala zote upande mmoja, taratibu, bila kushtukashtuka. Nikamwomba radhi. Nilikagua uwanja, nikafunga mkanda juu ya gauni la sherehe na suruali ndani yake, nikarusha tiara, nikavuka uwanda wote hadi ng'ambo na kurudi, mjukuu wangu akipiga vigelegele.

Pilau ilipoa, na hotuba haijasomwa mpaka leo.