Mke Wangu Aliniomba Matofali, Nikamwekea Changarawe

Asubuhi ile nilikuta mistari miwili kwenye changarawe ya kitalu changu.

Myembamba, imezama, inakwenda sambamba. Ilianzia mlangoni, ikaingia hatua mbili tu, ikaishia kwenye shimo lililovurugwa. Haikufika hata kwenye nyanya.

Kana kwamba kitu kilijaribu kuingia, kikashindwa, kikarudi kilikotoka.

Nikawaka. Changarawe ile niliichekecha kwa mikono yangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Sisi tunaishi Manitoba, kule Kanada, ambako baridi ikikaza ardhi huganda kwenda chini zaidi ya kimo cha mtu. Mwezi wa tano nilimjengea mke wangu Stefania kitalu kidogo cha vioo, na jiko la kuni kwenye kona, ili nyanya zake zifike hadi Novemba.

Ikabaki sakafu.

"Ningependa chini pawe tambarare," Stefania akasema. "Matofali, labda."

"Tambarare ya nini, mama? Unataka kucheza dansi?"

Akacheka. "Huwezi kujua."

Mimi nimesoma shule ya usiku miaka sita baada ya kazi za kiwandani, na sikusoma bure. Nikamkalisha nikamfundisha. Zege hupasuka ardhi ikiganda. Matofali hunyanyuka. Changarawe hunywa maji na haidai chochote. Somo lilichukua nusu saa, na mchoro juu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Jirani yetu Orest naye akanikalia kooni. Kila akipita: "Dmytro, weka matofali. Yapange juu ya mchanga."

"Yatanyanyuka."

"Yakinyanyuka utayapanga tena. Una kazi gani nyingine, mzee mzima?"

"Wewe ulisomea wapi mambo ya sakafu?"

"Sikusoma. Ndiyo maana nasikia watu wanaposema."

Nikaona ananionea wivu. Nikamwaga changarawe.

Kwa hiyo Septemba nilipoiona ile mistari, nilikwenda moja kwa moja kwa Orest. Alikuwa anamenya vitunguu saumu kibarazani.

"Umeingiza toroli kwenye kitalu changu?"

"Toroli lina gurudumu moja, msomi."

"Basi ni nini kile?"

Aliweka kisu chini. Hakunitazama.

"Kamuulize mkeo."

Stefania alikuwa jikoni, ameketi. Sasa nikigeuza macho nyuma naona alikuwa ameketi tangu kiangazi: akikata kabichi ameketi, akipiga pasi ameketi. Mimi nilidhani ni uzee.

"Ni kiti cha magurudumu," akasema. "Cha marehemu mama yake Orest. Nilitaka kujua kama nitaweza kupita. Kikazama. Orest ndiye aliyenivuta."

Daktari alimwambia mwezi wa nne. Mishipa ya miguu ilikuwa inakufa. Theluji ikifika asingeweza kusimama tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia nataka pawe tambarare. Nikangoja uniulize kwa nini." Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Mzee wangu, ukianza kufundisha, mtu hapati pa kupenyeza neno."

Yale maneno ya Orest yote yalikuwa ya mke wangu. Ilimbidi amtume jirani amsemee kwa mume wake mwenyewe.

Nikashika koleo siku hiyohiyo. Nikazoa changarawe yote. Lakini mchanga ulichelewa hadi Oktoba, na ulipofika, ardhi ya mlangoni, mbali na jiko, ilikuwa imeshaganda. Nilipousindilia ulilia kama mfupa unaovunjika.

Orest akaja na mbao begani.

"Tandika hizi. Kesho anaingia."

"Mbao zitaoza. Miaka mitatu tu zimekwisha. Nitapanga matofali ardhi ikiyeyuka, nifanye kazi ya heshima."

"Dmytro."

"Nimesema."

Alizirudisha. Alitembea polepole, labda akidhani nitamwita.

Stefania hakulalamika. Alihamishia kiti dirishani, akawa ananielekeza kwa kidole nyanya zipi nichume. Nilimletea jani moja la mnyanya, akalisugua, akalinusa, akalala nalo mkononi.

Ugonjwa ukapanda kutoka miguuni hadi kifuani, tukamzika wiki moja baada ya Krismasi yetu ya kalenda ya kale, ile ya Januari. Wachimbaji waliwasha moto mahali pa kaburi siku mbili ndipo udongo ukakubali.

Mwezi wa tano nilipanga matofali. Siku nne. Nilipima kwa pimamaji kutoka pembe hadi pembe, na kiputo cha hewa ndani yake hakikusogea hata kidogo. Orest alisimama mlangoni akaangalia, akavua kofia, akaondoka.

Ninyi mliosoma, na mnaojivunia kama nilivyojivunia mimi, nawaachia hili. Mtu wako akikuomba jambo dogo, usimpe somo. Muulize kwa nini, kisha unyamaze.

Na ukishajua, fanya leo kwa ulicho nacho.

Zile mbao zingeoza baada ya miaka mitatu, hilo nilikuwa sahihi. Stefania alihitaji miezi mitatu.