Gari Lenye Jiko

Juzi kwenye kaunta ya duka la spea hapa Litein, mwalimu mstaafu alikuwa akinunua plagi za gari kuukuu lenye kitanda na jiko ndani. Alilikomboa kwenye stoo ya shamba la chai, lilikokuwa likioza tangu mzungu aliyelimiliki aondoke. Mkewe alisimama kando, amekumbatia kitambaa cha maua.

"Analitengeneza mpaka analala humo," akalalamika. "Jumapili wazee wa kanisa walikuja na kibuyu cha maziwa ya mursik kutupatanisha, eti nimemfukuza nyumbani!"

"Ukafanyaje, mama?" muuzaji akauliza.

"Nikaingia kumtoa. Nikakuta jiko la gesi, na mimi miaka yote napuliza kuni!" Akakunjua kitambaa. "Uko na waya ya pazia la gari?"

Wazee wakirudi, itabidi wawapatanishe wote wawili na nyumba.