Pombe Aliyoitaka Baba

Siku niliyorudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba mbele ya mlango, jua la saa kumi likimpiga miguuni. Sikuwa nimeingia katika uwanja ule kwa miaka mingi, lakini aliponiona natokea na mfuko wangu begani hakushangaa hata kidogo. Alitabasamu kama mtu aliyekamatwa na kosa dogo, akasema:

"Uambie mama yako nakuya."

Mama alikuwa amekufa zamani. Niliteremsha mfuko begani, nikauweka kando ya kiti chake. Jirani yetu, yule mama aliyenipigia simu nikiwa Kalemie, alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye kitenge, akanivuta pembeni.

"Njo vile iko siku hizi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Bugali anakataa, samaki anakataa, hata uji. Anaomba pombe tu. Nilimununulia ya chupa, akaimwanga kwa majani. Anataka ya yule mama wa mwaloni."

Niliposikia jina hilo, mama wa mwaloni, nilikaa chini kwenye ngazi. Nilielewa pia kwa nini baba hakushangaa kuniona. Kwake yeye ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa na miaka tisa, nimetumwa kumwita.

Rafiki yangu, kama ulikulia kwetu nyakati zile, huhitaji kuelezwa Jumamosi ilivyokuwa. Asubuhi tulifua nguo mtoni, mchana tulitwanga muhogo, na jua lilipoanza kushuka wanaume walivaa mashati yaliyopigwa pasi wakaenda kunywa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa mlevi, na ninasema hivi bila kumtetea. Sikumwona akianguka, wala sikumsikia akimtukana mtu. Alizipenda nyumba za pombe jinsi wengine wanavyopenda kanisa, na alizipitia kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, kama Mkatoliki anayefuata njia ya msalaba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko, kwa mjane mmoja mwenye ulimi mkali. Pombe yake ilikuwa nzito kama uji, na watu walianzia pale kwa sababu ilishibisha. Ya pili ilikuwa kando ya barabara ya Fizi, kwa mwanamke mrefu ambaye mume wake alitengeneza baiskeli. Huko waliketi kati ya magurudumu na minyororo wakibishana kuhusu mambo waliyosikia redioni. Ya tatu, ya mwisho, ilikuwa kwa mama wa mwaloni, pale mitumbwi ilipofikia. Mama yangu aliponituma sikuhitaji kuuliza baba yuko wapi. Nilitazama kivuli cha paa letu, nikajua amefika nyumba ya ngapi.

Ile ya mwaloni niliipenda kuliko nyumba yetu wenyewe. Siku ambayo pombe imeiva, tawi la majani mabichi lilifungwa juu ya mti wa uzio, na wavuvi waliliona wakiwa bado majini. Uani kulikuwa na benchi za mbao za mitumbwi iliyokufa, nyungu kubwa iliyozikwa nusu mchangani ili ibaki baridi, na harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, waliokuwa wakikauka upande wa pili wa uzio. Mama huyo aliletewa mtama na wanawake wa Kilembwe waliotembea siku mbili na mizigo vichwani. Aliulowesha, akaulaza kwenye majani ya migomba chini ya kitanda chake mpaka ukatoa mizizi midogo myeupe, akaukausha, akautwanga. Hicho ndicho kilikuwa kimea chake. Kisha alipika kwenye pipa, akapoza, akachanganya, akangoja. Nilikuwa naweka sikio langu kwenye nyungu nikisikia inachemka bila moto.

Mtu akija kabla ya siku, akaomba apewe hivyo hivyo, alimwonyesha kwa kidole mahali mawimbi yalipokuwa. "Mwenye iko na haraka, maji njo ile, akunywe." Watu walicheka, na yule mtu akarudi siku iliyofuata.

Kibuyu kilizunguka mkono kwa mkono. Wakristo waliketi hapo, na hata jirani zetu Waislamu wenye mitumbwi walikuja kukaa, wakaletewa chai ya tangawizi, maana pale ndipo habari zilipofikia kwanza. Baba alikuwa akiwasomea watu barua. Barua zilitoka Kigoma, Lubumbashi, kutoka kwa watoto walioondoka. Kwanza aliisoma kimya. Kama ilikuwa na msiba, aliikunja, akamwambia mwenye barua, "Kunywa kwanza, ndugu." Basi kila mtu uani alijua, na benchi lote lilinyamaza kabla ya neno lolote kusomwa.

Nami niliingia katikati ya hayo yote, miguu yangu ikiwa na vumbi mpaka magotini.

"Baba, mama anasema bugali inapoa."

"Inapoa!" waliitikia wazee wote kwa pamoja, kama kwaya.

"Uambie mama yako nakuya," alisema baba. Lakini mama wa mwaloni alikuwa ameshanitilia ndagala wa kukaanga kwenye kiganja, na nilikaa. Mara nyingi mama alilazimika kuja mwenyewe, akasimama kwenye uzio, mikono kiunoni, akajitahidi kununa. Hakuweza. Mama wa mwaloni alimletea kiti.

Vita vilipokuja tulivuka maji usiku mmoja na nguo tulizovaa, na mama wa mwaloni alivuka kwa mtumbwi mwingine. Katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, hakukuwa na mtama wala nyungu. Tuliporudi, baada ya miaka, alianza tena kupika, kidogo kidogo, mikono yake ikiwa imeanza kutetemeka. Kisha alikufa. Mama yangu alifuata. Niliolewa, nikaenda Kalemie, nikaanza kushona kwa cherehani yangu, na kama watu wote nilidhani kwamba mahali nilipopaacha patanisubiri.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kuitafuta pombe ya baba. Unaweza kucheka. Nilijua mpishi wake amekufa. Lakini nilijiambia kwamba mtu hafi na kila kitu chake, kwamba binti, mkwe, jirani, mtu fulani lazima alisimama karibu na lile pipa akatazama.

Nyuma ya soko, kwenye nyumba ya mjane, kijana mmoja alikuwa anachaji simu za watu, na ukutani vilikuwa vimening'inia vijifuko vya plastiki vya pombe kali, mstari baada ya mstari. Hakuwahi kusikia habari za mjane. Kando ya barabara ya Fizi niliikuta nyumba ya fundi baiskeli imekuwa kanisa, spika mbili mlangoni, na mwanamke aliyekuwa akifagia aliniambia kwa upole kwamba vitu kama hivyo haviulizwi mahali pale.

Mwaloni sikupakuta. Nilishuka njia ile ile, nikahesabu minazi niliyoikumbuka, nikafika kwenye maji mapema mno. Ziwa limepanda miaka hii, limekula safu nzima ya nyumba. Ukuta mmoja wa matofali ulikuwa bado umesimama ndani, mbali kidogo, na watoto walikuwa wakiruka kutoka juu yake wakipiga kelele za furaha. Sikuweza kujua kama ulikuwa wake.

Mjukuu wa mama wa mwaloni nilimpata juu, karibu na barabara, kwenye meza ya mbao. Uso ulikuwa ule ule, mpaka nilitaka kumsalimia kama mtu mzima. Naye aliuza vijifuko.

"Ile ya koko?" alisema, maana ndivyo alivyomwita bibi yake. "Hatupikake tena ile, mama. Siku saba! Nani atangoya siku saba? Batu banataka hii, inalewesha mbio. Bachimbaji ba Lulimba banabeba katoni nzima-nzima."

"Lakini unajua namna alikuwa anaipika?"

Alifikiri kwa kweli, namshukuru kwa hilo. "Nilikuwa mudogo. Alikuwa ananituma maji." Akapanga tena vijifuko vyake ambavyo havikuwa vimeharibika mpangilio. "Na mutama utatoa wapi? Balimaji ba kule juu balikimbia."

Alinielekeza kwa mwanamke mzee mmoja Fizi, ambaye bado anapika. Nilikodi moto, pikipiki ya abiria, tukapanda milima katikati ya yale mashimo yote, nikamkuta ameinama juu ya pipa lake, macho mekundu kwa moshi. Aliponisikiliza aliweka mwiko chini.

"We ni mutoto wa nani?"

"Wa mualimu wa Baraka."

"Ah. Yule mwenye alikuwa anasoma barua." Alipangusa macho. "Mutoto wangu, mi napika ya mahindi na muhogo. Hii si ile. Yule mama alikuwa na mambo yake, hakuna mutu alimuuliza. Na mi sikumuuliza. Tulifikiri iko wakati."

Nilichukua hata hivyo. Nilishuka na bidoni ya njano, dumu la plastiki, kifuani, povu likinilowesha gauni kila tulipoingia shimoni, na njiani niliamua kumdanganya baba. Nilithubutu kwa sababu moja tu, na ninaona haya kuisema: mimi mwenyewe sikuijua ile pombe. Nilijua harufu yake, sauti yake ndani ya nyungu, vicheko vyake. Kuionja sikuwahi. Nilikuwa mtoto aliyetumwa kumwita mtu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Jirani alileta kibuyu alichokitoa wapi sijui, nikamimina, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

"Ya mama wa mwaloni," nilisema. "Anakusalimia."

Uso wake ulifunguka. Alikishika kibuyu, akanusa, akanywa funda moja, akaliacha mdomoni. Nilimwona anameza polepole. Kisha alinirudishia kibuyu, naye kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mgeni.

"Aksanti, mama," aliniambia. Akatazama miguu yake. "Yule mama alikufa, si ndiyo?"

Niliweka kibuyu chini.

"Akiwa muzima hawezi kupika hii." Sauti yake ilikuwa ya darasani, safi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike. "Mbona hamukuniambia?"

Tulimwambia, rafiki yangu. Yeye mwenyewe alibeba jeneza la mama wa mwaloni. Alisimama kaburini akasema maneno machache mazuri ambayo watu waliyarudia mwezi mzima. Lakini ningemwambia nini? Nilisema, "Utusamehe, baba."

Basi akaanza kuuliza. Fundi baiskeli? Alikufa, baba. Mjane wa sokoni? Naye. Yule mvuvi mwenye jicho moja, aliyekuwa anaimba? Alibaki ng'ambo, alizikwa kambini. Aliuliza taratibu, kama alivyokuwa akiita majina ya wanafunzi asubuhi, na kwa kila jina alitikisa kichwa kidogo akaenda kwenye lingine. Jirani alikuwa anatulilia mlangoni. Nilingoja swali moja, nikajikaza, nikitafuta namna ya kulijibu. Hakuliuliza. Aliita wote waliokuwa wanaketi kwenye benchi zile, akaishia hapo, na kuhusu mama hakusema neno. Nadhani aliogopa.

Hakuomba pombe tena. Alikula uji niliomlisha, vijiko viwili, vitatu, kwa adabu, ili asinihuzunishe. Hakunituma tena kwa mama. Ndilo lililoniumiza zaidi: kwamba kabla sijaja na bidoni yangu alikuwa na mahali pa kukaa Jumamosi, na mke aliyekuwa anamngoja nyumbani na bugali moto, na mimi nikamtoa huko. Wiki ya tatu, asubuhi, jirani alimpelekea maji ya kunawa akamkuta amekwisha.

Matanga yalikuwa na watu wengi. Wanafunzi wake wa zamani walileta kreti za bia, wakakaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu na chupa yake na simu yake. Siwalaumu. Walikuja, walichanga, walichimba kaburi.

Siku ya mwisho walifika wazee wawili ambao nilikuwa nimewasahau kabisa, mmoja kutoka Kazimia kwa boti, mwingine kutoka mtaa wa juu akishikwa mkono na mjukuu. Walikuwa watu wa benchi lile. Nadhani ndio pekee waliobaki. Niliwaketisha pamoja, nikawaletea samaki, nikangoja wamalize kula. Kisha nikawauliza nilichotakiwa kuuliza nikiwa na miaka tisa: ile pombe ya mama wa mwaloni ilikuwa na ladha gani?

Yule wa Kazimia alijibu papo hapo. "Ilikuwa kali kidogo, chachu. Inakukamata hapa." Alishika taya.

"Hapana," alisema mwenzake. "Chachu ilikuwa ya mujane wa soko. Ya mwaloni ilikuwa tamu, na moshi ndani. Ya moshi, we!"

"Moshi? Moshi ilikuwa ya samaki!"

"Mi nakuambia ilikuwa tamu."

"Mi nilikunywa pale miaka makumi mbili!"

"Na mi nilikunywa wapi?"

Walipandisha sauti, vidole juu, na kwa muda mfupi uwanja wetu ulisikika kama zamani, mpaka vijana wakainua macho kutoka kwenye simu zao. Nilijikuta natabasamu. Kisha yule wa Kazimia akaanza kuinuka, mkono juu ya fimbo, kama mtu anayetaka kusema, basi, twende tukahakikishe. Alisimama nusu. Aliangalia upande wa ziwa, pale palipokuwa mwaloni.

Akakaa tena. Mwenzake akamshikia fimbo, na hawakuliongelea tena mpaka walipoaga.