Rangi ya Jipu Langu na Maziko ya Baba Mkwe

Mnitanie kwa yote, nitacheka nanyi, ila likitajwa lile jipu mie huwa naaga nakwenda zangu, maana aibu yake haijapoa mpaka leo. Basi kwa kuwa leo mmenishikilia, kaeni niwape.

Jipu lenyewe (siyo lile linaloota makalioni, ingawa maumivu ni yaleyale) lilikuwa gari la jeshi, moja ya yale waliyoyauza Waingereza vita ilipokwisha, na mie karani wa ghala niliyezoea kwenda kazini kwa miguu kutoka Mtoni nikajiona sasa nimekuwa mtu. Kutu tupu! Kila jioni navua shati nalikwangua gari uani, na baba mkwe wangu, Mzee Kombo, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani nusu ya mtaa, anakuja na kiti chake kunitazama. "Hicho chuma au mkate wa jana?" ananiuliza, kisha anacheka, "Haya, likiisha, abiria wa kwanza mie." Nikamwahidi.

Siku ya kupaka, rangi ya kijani ikawa nzito na mafuta ya kuilainishia yameniishia, na dukani nikaona mbali, basi nikamwomba jirani yangu Mbwana, fundi mashua, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za mashua.

"Yananuka hayo," akaniambia, "na hayakauki upesi."

"Kwani gari linanuswa?" nikamjibu (kiburi hicho, mnakisikia?).

Mke wangu Zaituni akafunga madirisha ya uani. Mie pua ilizoea, nikawa sisikii kitu.

Rangi ingali inanata, Mzee Kombo akafariki ghafla alfajiri moja. Sie maiti hubebwa mabegani, watu wakipokezana, hata makaburi yawe mbali kama haya yetu ya Mbagala. Lakini mie nikaikumbuka ahadi, na nikakumbuka pia kwamba watu wote wa barabara ya Kilwa wataniona nikiendesha, basi nikasema, "Jeneza lipakieni garini, mwenyewe alitaka." Wazee wakatazamana, kisha wakaridhia kwa ajili ya jua.

Nikaenda polepole, watu wakitembea kando wameshikilia ubavu wa gari, na kanzu nyeupe zikaanza kugeuka kijani moja baada ya nyingine, hakuna aliyethubutu kusema kwa heshima ya maiti. Injini ikachemka, bati likapata moto, harufu ya papa ikafumka, na nzi (sijui walitoka wapi wote wale) wakatanda juu ya jeneza. Nyuma yangu dhikiri ikafifia.

"Mzee ameharibika mara hii?"

"Na kafa leo alfajiri!"

"Basi hilo si la jua. Mungu ndiye amjuaye mja wake."

Nikafunga breki, nikaruka chini nikipiga kelele, "Jamani, ni rangi! Nimechanganya na mafuta ya papa, njooni mnuse boneti!"

Imamu wetu akanishika bega, machozi yanamlengalenga. "Ahsante, mwanangu. Aibu ya maiti husitiriwa. Wewe ni mkwe kweli."

Hapo ndipo niliponaswa, maana kwetu aliyeiona ila ya maiti huufunga mdomo wake, hata waosha hawasimulii, kwa hiyo kila nilivyoapa ndivyo walivyozidi kunisifu kwa kumsitiri mzee. Wakalishusha jeneza, wakalibeba wenyewe, na rangi ishaligandia kwa chini na kwenye kanzu zao, harufu ikafuatana nao mpaka kaburini. Nani atainusa kanzu yake na maiti iko mbele yake? Mtu aliyewafundisha alifu wakamzika mbiombio, nyuso wamezigeuzia kando. Niliumia, jamani.

Nikarudi na hasira zangu, nikalikwangua gari lote mpaka bati, nikachoma kopo, brashi na matambara. Habari ilishanitangulia kwa mama mkwe, naye keshaingia eda, hatoki nje.

"Miaka yote nimelala ubavuni pake," akaniambia, "nikidhani namjua. Alifanya nini, baba?"

Nikamwapia. Zaituni akamwapia, analia. Mbwana naye akaja kumweleza habari ya mafuta yake. Mama akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mna adabu nyote. Mungu awalipe."

Siku aliyotoka eda nilimshika mkono nikampeleka uani. Akainama, akalinusa boneti, akalinusa tena.

"Halinuki kitu, mwanangu," akasema taratibu.

Sijalipaka rangi tena, na nimeapa kwamba atakayefia nyumbani kwangu atakwenda kwa mabega ya watu, hata kaburi liwe Kilwa kwenyewe. Jipu liko palepale uani, linaliwa na kutu. Na mama mkwe kila Ijumaa, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akitoa sadaka mumewe asamehewe kosa ambalo yeye hakulijua, na mie nililijua, maana lilikuwa langu.