Hakuna Aliyemtuma

Kaka yangu alikufa ndani ya kisima cha mtu mwingine, huku kwetu upande wa Isikizya, Jumamosi moja mchana akitoka mazoezi ya kwaya. Alikuwa mfyatua matofali, hajaoa, mwenye sauti nzito iliyobeba kwaya nzima. Alipofika pale alikuta watu wamekizunguka kisima na chini wamelala wawili: mchimbaji, na kijana wa mwenye kisima aliyeshuka kumfuata.

Mwenye kisima alikuwa mzee wa kanisa letu. Alikuwa na duka mjini, mtaa wa Kanyenye, na huku kijijini alikuwa na shamba la nyanya ambalo kiangazi kile lilikuwa linakauka. Ili kisima kichimbwe zaidi, aliteremsha pampu ya petroli ndani yake ivute maji. Maji yalipopungua, akamwambia mchimbaji ashuke. Moshi wa pampu ulikuwa bado umejaa mle chini.

Kaka alivua shati la kwaya, akalilowesha, akajifunga usoni. Alijifunga kamba kiunoni akashuka. Kwanza alimtoa kijana. Aliporudi kwa mchimbaji, ile kamba aliifungua kiunoni mwake akamfunga yeye. Watu wakavuta, mchimbaji akatoka akiwa hai. Kisha wakaiteremsha kamba tena, wakamwita. Chini hakukuwa na mtu wa kuishika.

Nilifika wakati wanamtoa. Mwenye kisima alikuwa amesimama kando, anamweleza mwenyekiti wa kijiji.

"Hakuna aliyemtuma," alisema. "Aliingia kwa hiari yake."

Nilimsikia vizuri, na nadhani alijua.

Kwenye mazishi aliomba nafasi ya kuzungumza. Alisema kaka amefuata njia ya Kristo, ametoa uhai wake ili wengine waishi, na kwamba huo ulikuwa mpango wa Mungu ambao sisi wanadamu hatuwezi kuuhoji. Watu walilia. Mama alilia. Mimi nilimtazama mdomo, nikaona jinsi kila neno jema alilomwaga juu ya kaka lilivyokuwa linamwosha yeye. Kama ni mpango wa Mungu, basi pampu haikuwa yake tena. Mwisho akaahidi mbele ya usharika mzima kwamba jiwe la kaburi atalitengeneza yeye, na maneno ya kuandikwa tutachagua sisi wafiwa.

Wiki chache baadaye mchimbaji alikuja nyumbani kumsalimu mama. Alikuwa bado anakohoa. Nilipomsindikiza alisimama njiani.

"Dada, mimi nilimwambia yule mzee," alisema. "Nilimwambia pampu ikae juu, moshi wake unaua. Akanijibu, ikikaa juu haivuti. Nikamwambia basi tungoje mpaka kesho ndipo nishuke. Akasema kama naogopa, wachimbaji wapo wengi."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nikiulizwa, nitasema."

Nililala na maneno hayo mpaka yakawa kama mfupa mwingine mwilini. Nilikwenda kanisani, niliimba, nilipokea Chakula cha Bwana, na muda wote nilikuwa namtazama yule mzee kisogo akiwa amekaa benchi la wazee. Sikumwombea mema. Nilichoomba ni uvumilivu wa kungoja jiwe.

Wakati wa jiwe ulipofika, mzee alinituma kwa fundi mmoja kule mjini, mtaa wa Ng'ambo, Mwislamu mtaratibu anayechonga mawe ya makaburi ya watu wa dini zote. Nilimsomea maneno yangu. Aliweka patasi chini.

"Binti yangu, huyu anayelipia ameyasikia haya?"

"Alisema tuchague wenyewe."

"Ni ya kweli?"

"Kila neno."

"Basi nitayachonga kwa herufi kubwa," alisema.

Jumapili ya kuzindua jiwe, usharika wote ulitoka kanisani ukiimba mpaka makaburini. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitenge. Mchungaji alimpa heshima mfadhili afunue na kusoma. Akatoa miwani, akavuta kitenge, akaanza kwa sauti yake ya kusomea matangazo: "Alishuka kisimani, akawatoa watu wawili." Watu wakaitikia amina. Akaendelea: "Moshi wa pampu ukamuua." Hapo sauti ikapungua. Mstari wa tatu hakuusoma. Macho yakanitafuta katikati ya akina mama mpaka yakaniona. Sikuinamisha uso.

Ndipo kijana wake, yule aliyetolewa kisimani kwanza, akasogea karibu na jiwe akasoma: "Mwenye kisima alikuwa ameonywa."

Alimgeukia baba yake. "Ni kweli, baba?"

Mchimbaji akasema kutoka nyuma, bila kuulizwa na mtu, "Ni kweli. Nilimwonya mimi."

Sitaficha: nilifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa ya moto, ikanipanda mpaka masikioni.

Kesho yake mchungaji aliniita. "Umelipiza kisasa juu ya kaburi la ndugu yako," alisema. "Kristo aliwasamehe waliomuua."

"Aliwasamehe wakiwa na nyundo mkononi, mchungaji. Hakuna aliyesimama pale akasema Yesu amejipigilia misumari mwenyewe."

Tuliomba pamoja, nikaondoka.

Mzee aliacha uzee wa kanisa, kisha akaacha kabisa kuja. Kijana wake alihama nyumbani, sasa amepanga chumba mjini, na huja kumlimia mama msimu wa mvua. Mama humpikia ugali na kuku, humwita mwanangu. Mimi bado huona tabu kumtazama akila.

Mama ndiye pekee aliyeniumiza. "Kaka yako hakushuka kumkomoa mtu," aliniambia tukipepeta mahindi. "Alishuka kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Ufute ule mstari wa mwisho."

"Siufuti, mama."

Hajarudia tena kunisihi. Akienda kaburini hukaa upande ambao hauna maandishi.

Wiki chache zilizopita mchungaji alileta ujumbe. Mzee anaumwa miguu, anataka kuja kwangu tupatane, jioni, sisi wawili tu na yeye mchungaji. Nilimwambia nipo tayari, ila si jioni wala si kwangu. Aje Jumapili baada ya ibada, watu wakiwepo, asimame kaburini asome ule mstari wa tatu kwa mdomo wake. Akimaliza, nitampa mkono, na nitamwomba Mungu anisaidie niutoe kwa moyo.

Jumapili tatu zimepita. Kila moja nimekaa pale makaburini mpaka watu wote wametawanyika, nikitazama barabara ya kutoka kwake. Hajaja.