Nyumba ya Mama Haisifiwi

Mama alianguka ngazini majani yalipoanza kupukutika, akiwa na kikapu cha nguo mikononi, na tangu siku hiyo kila simu iliyolia nikiwa kazini ilikuwa inanipasua moyo. Alikuwa anaishi peke yake Ilford, mashariki mwa London, katika nyumba ya ghorofa waliyoinunua yeye na marehemu baba. Choo kiko juu, jiko liko chini, na goti lake halikuwa goti tena. Mimi nilikuwa Tottenham, na mtaani kwangu mzee mmoja alikuwa anauza fleti ya chini isiyo na ngazi hata moja. Aliniahidi kuningoja mpaka baridi iishe, zaidi ya hapo asingeweza. Kwa hiyo, ili tumnunulie Mama hiyo, ilitubidi tuuze nyumba yake katikati ya baridi, wakati ambao, kila mtu aliniambia, watu wenye akili zao hawauzi nyumba.

Mama hakubisha. "Uza," aliniambia, kana kwamba nauza kabati.

Dalali alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye viatu vilivyochongoka. Alituambia tuwashe taa zote kwa sababu mchana haujakaa sawa kiza kimeshaingia, tupandishe hita, na ndani kunukie mkate. Mama alifukiza udi. Hilo halikuwa tatizo. Wateja wa kwanza, mke na mume vijana, waliupenda hata udi. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakaingia sebuleni, mke akaweka mkono kifuani akasema nyumba nzuri sana.

"Nzuri wapi," Mama akajibu, kwa Kiingereza alichojifunzia kwenye kazi ya udobi hospitalini. "Paa linavuja."

Paa lile halijavuja tangu nizaliwe.

Mama kakulia Unguja, kwenye nyumba ambazo kitu chako kikisifiwa unakitia kasoro haraka, jicho la mtu lisije likakipata. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Jirani akisema mtoto kanenepa, Mama anamwambia, "Huyu? Minyoo hiyo." Nilipofaulu kuingia chuo kikuu aliwaeleza mashoga zake kwamba walimu walinionea huruma. Nilikuwa mkubwa sana nilipogundua kwamba yote yale yalikuwa mapenzi.

Dalali alinipigia simu kuuliza habari za paa. Nikamweleza. Akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayemhoji mgonjwa: yaani mama yako anaogopa watu wataitamani nyumba? Nikasema ndiyo. "Lakini kazi yangu mimi," akasema, "ni kuwafanya waitamani."

Tukaamua wateja wakija Mama asiwepo. Kumpeleka kwa jirani haikuwezekana, njia ilikuwa barafu tupu, na kwa goti lile ningemuua kabla sijauza kitu. Basi nikamweka chumbani kwake juu, na tasbihi na chai. Siku hiyo alikuja bwana mmoja mpole, akaisifu boila, mtambo wa kupashia nyumba joto, kwa sauti kubwa, nadhani kwa sababu nje theluji inaanguka na yeye ndani anatoka jasho. Tukasikia fimbo inagonga sakafu juu ya vichwa vyetu. Tulipopanda, Mama akamwambia kwamba boila ile ni mgonjwa, tunangoja siku yake tu. Halafu akamkaribisha sambusa. Bwana yule alikula akashiba, akaomba na za kumpelekea mkewe, na nyumba hakuitaka.

Mwingine, aliyesikia habari za paa, alikuja na fundi. Fundi akapanda darini na tochi na kidude cha kupimia unyevu, akatafuta mpaka akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi. Hakuona kitu. Hapo ndipo mteja alipoogopa kweli: tundu analolijua mwenye nyumba na fundi halioni, alisema, ni tundu baya sana. Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Nikapandwa na hasira. "Mama, unataka kuuza au hutaki?"

"Nataka."

"Sasa mbona unaitukana nyumba?"

"Haijauzwa bado, mwanangu. Bado yangu. Ikipigwa jicho leo ikaungua, kesho utauza nini? Majivu?"

Mzee wa fleti akaniulizia mara moja kwa upole, na mara ya pili kwa upole kidogo. Nikawa nikilala naota ngazi.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mkaazi wa Hayes lakini mzaliwa wa Tanga, pamoja na mwanawe aliyekuwa anatafuta nyumba ya kuishi naye. Mwana alipofungua tu kinywa kusema kwa Kiingereza kwamba pazuri, mama yake akamfinya.

"Usimsikilize huyu, dada," akamwambia Mama kwa Kiswahili. "Macho hana." Akatazama dirishani. "Pazia bovu."

Mama akakaa sawa kwenye kiti. "Bovu sana," akasema, kwa furaha ambayo sijaiona tangu baba afariki.

"Na jiko?"

"La aibu."

"Baridi inaingia?"

"Inaingia, na ikishaingia haitoki."

Walishikana mikono wakapanda ngazi taratibu, wakiitukana nyumba chumba kwa chumba. Dalali alikaa ngazi ya chini kabisa kashika kichwa, mimi namtafsiria. "Anasema bafu linatia huruma." Akauliza bafu lina nini. "Halina kitu," nikamwambia. "Kalipenda."

Waliposhuka, mwana akauliza kama basi waondoke.

"Waondoke nani?" mama yake akamjibu. "Mwenyewe kaishi humu miaka yote hiyo na mpaka leo anaogopa tuitazame. Unataka ripoti gani tena? Mwambie dalali tunachukua."

Tuliwahi, na mzee wa fleti alikuwa bado hajachoka kungoja. Nilipaka fleti rangi, nikaweka vyuma vya kushikia bafuni, nikamtandikia Mama kitanda karibu na dirisha. Siku ya kuhamia nilimtanguliza mlangoni. Alikipitia kila chumba na fimbo yake, hakuna pa kupanda wala pa kushuka. Mimi nilibaki ukumbini nasubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote: sinki dogo, majirani wana kelele, paa linavuja ingawa juu yetu wanaishi watu. Kasoro moja tu ingenitosha.

"Mashaallah," akasema. "Fleti yako nzuri. Hongera, mwanangu."

Akakaa ukingoni mwa kiti, koti mwilini, mkoba mapajani, akanishukuru kwa kumkaribisha. Nikaenda jikoni kuweka chai, nikalia huku nimefungulia bomba.